Gapi, plati au danio? Samaki wa kuzalisha kwenye tangi dogo huku kwenye baridi

Muulize mfugaji yeyote wa samaki wa mapambo aliyeko Dar es Salaam ni samaki gani anayezaliana bila kusumbua, atakujibu "gapi" kabla hujamaliza swali. Kwa Dar hajakosea. Kule maji ya ndoo yanaamka yakiwa na uvuguvugu wake, gapi anajiona yuko kwao, na kila baada ya wiki nne hivi jike anamwaga watoto. Tatizo ni kwamba jibu hilo linapanda basi pamoja na samaki, linapandisha Kitonga, linapita Mafinga na Makambako, linafika Mbeya likiwa lile lile wakati hewa imeshabadilika.

Mimi nililinunua jibu hilo pamoja na gapi kumi na wawili. Nilikwenda kuwapokea stendi ya Nane Nane hapa Mbeya, wamo kwenye mifuko ya plastiki yenye oksijeni, mifuko imo ndani ya lile boksi jeupe la kubebea samaki wa barafu. Ilikuwa Mei. Mpaka mwisho wa Juni mambo yalikuwa shwari, hata vifaranga nilishapata. Asubuhi moja ya Julai, nyumbani Uyole, kipimajoto kikasoma nyuzi 15. Madume yenye mikia kama khanga mpya yalikuwa chini kwenye changarawe, mapezi yamebanwa, mwili unatikisika pale pale bila kwenda mbele wala nyuma. Wiki haikuisha nikawa nimebaki na jike mmoja na pampu ya hewa.

Ndiyo maana hapa siwapangi samaki kwa uzuri wala kwa bei. Naanza na chumba chako. Weka ndoo ya maji mahali unapotaka tangi likae, iache siku mbili, kisha ipime saa kumi na moja alfajiri, mwezi wa saba. Ukiwa na haraka na sasa ni Novemba, kumbuka tu kwamba Julai inakuja. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Iringa iko kati ya 1,500 na 1,600, Njombe inakaribia 2,000, na usiku wa Juni hadi Agosti hewa ya nje kushuka chini ya nyuzi 10 si habari ya kumsimulia mtu. Kyela ni nchi nyingine kabisa: iko kama mita 500 tu, kando ya Ziwa Nyasa, na mkazi wa kule anaweza kusoma makala za watu wa Dar bila wasiwasi.

Tangi ninalolizungumzia ni la sentimita 60 kwa 30 kwa 30. Ukilijaza mpaka ukingoni ni lita 54, ila ukitoa changarawe na ile nafasi ya juu unabaki na maji ya lita 45 hivi. Fundi yeyote wa vioo na alumini atakukatia. Mwambie tu atumie silikoni isiyotiwa dawa ya kuzuia ukungu, nawe uiache ikauke hata wiki nzima, mpaka ile harufu ya siki iishe.

Hizi hapa namba za wale unaoweza kuwafikiria, kwa joto ambalo wanaishi vizuri na kuzaliana, si lile la kuvumilia kwa kuumia:

| Samaki | Joto la maji (nyuzi) | Anavyoongezeka | Lita 45 |
|---|---|---|---|
| Gapi | 22–28 | anazaa, kila wiki 4 hivi | zinatosha |
| Plati | 18–26 | anazaa, kila wiki 4 hadi 5 | zinatosha |
| Moli | 24–28 | anazaa, wiki 4 hadi 8 | ni kidogo |
| Danio milia | 18–26 | anataga na kutawanya mayai | zinatosha |
| Beta | 25–28 | dume anajenga kiota cha povu | jozi moja, kwa muda |

Gapi na plati

Hawa wawili ndio watu wengi wanaochanganyikiwa kati yao, na wanafanana mengi. Wote wawili hawatagi: jike anabeba mayai tumboni, anazaa vifaranga wanaoogelea dakika hiyo hiyo na wenye mdomo wa kutosha kula chakula cha unga siku ya kwanza. Wote wawili dume unamjua kwa pezi la chini ya tumbo lililochongoka kama kijiti, wakati la jike ni kama feni ndogo. Na wote wawili jike anaweza kutunza mbegu za dume mwilini kwa miezi, kwa hiyo jike uliyemnunua peke yake, bila dume, anaweza kukuzalia mara tatu au nne. Watu huita muujiza.

Wanapoachana ni kwenye baridi na kwenye umbo. Gapi wa dukani wa leo amefugwa vizazi na vizazi kwa ajili ya mkia. Mkia umekua, uvumilivu umepungua. Chini ya nyuzi 20 anazubaa, mimba inachelewa, na ukimwacha kwenye 15 au 16 kwa siku kadhaa anaanza ule mtikisiko niliousema. Plati ni mfupi, mnene, hana mkia wa kujivunia, kwao ni Mexico na nchi jirani za Amerika ya Kati. Akiwa kwenye nyuzi 18 bado anakula, bado anatafuta jike. Kuna na nduguye, plati wa aina ya variatus, anayevumilia hata chini ya hapo kidogo. Ukimpata usimwache, ingawa wauzaji wengi huwachanganya wote kwenye tangi moja na kuwaita plati tu. Mchague mwenye mwili mrefu zaidi, rangi ya njano mgongoni na wekundu mkiani, mara nyingi ndiye.

Kwa wingi wa watoto gapi anaongoza. Jike aliyekomaa anaweza kuzaa arobaini, hamsini na zaidi. Plati wangu huzaa ishirini mpaka thelathini. Lakini hesabu ya maana si ya waliozaliwa. Mama mwenyewe anakula watoto wake, tena kwa bidii, na shangazi zao wanasaidia. Nilijaribu kile kisanduku cha plastiki cha kuzalia ambacho unamfungia jike mpaka amalize. Sikipendi. Jike anahaha, anagonga kichwa kwenye ukuta, na mara mbili alinizalia watoto waliokufa. Siku hizi najaza kona moja ya tangi majani ya majini yenye nyuzi nyingi, na palipopungua natumbukiza fundo la uzi wa kufumia, ule wa akriliki usiochuja rangi, nimeuchemsha kwanza. Katika thelathini wanabaki kumi au kumi na wawili, na hao kumi wanatosha, niamini.

Unawaona kwanza kwa macho yao. Asubuhi unamulika tochi kwenye ile kona, unaona vijidoti viwili vyeusi vimetulia katikati ya majani, halafu vingine viwili, halafu unagundua kila doti mbili ni samaki ambaye mwili wake bado unapenyeza mwanga. Ukisogeza kidole kwenye kioo wote wanaruka kwa pamoja, sentimita moja, na kutulia tena.

Uwiano ni dume mmoja kwa majike matatu. Ukiweka madume mengi, majike hawapumziki. Wanafukuzwa kutwa mpaka wanakonda. Na usiwachanganye plati na wale wa mkia-upanga, maana ni wa ukoo mmoja na wanachanganya damu. Plati na gapi hakuna shida, kila mmoja ana wake.

Hukumu yangu: Mbeya, Iringa na Njombe bila hita, plati. Kyela, au nyumba yenye hita na umeme wa kuaminika, gapi, kwa sababu ni mzuri zaidi na wala sibishani na macho ya mtu.

Hita: ihesabu kabla hujainunua

Kwa lita 45 kwenye chumba chetu cha baridi utahitaji hita ya wati 100. Ile ya wati 50 itahangaika usiku kucha. Tuseme inawaka nusu ya siku. Wati 100 kwa saa 12 ni yuniti 1.2, kwa mwezi ni yuniti 36. Wewe uliye kwenye daraja la matumizi madogo la yuniti 75 kwa mwezi, karibu nusu ya mgawo imekwenda kwa samaki, na friji, pasi na televisheni bado vinasubiri. Ukivuka daraja, bei ya yuniti haifanani tena na ile uliyoizoea. Hili ndilo linalompa plati ushindi huku kwetu, hata kama gapi ana watoto wengi zaidi.

Kabla ya hita kuna mambo ya bure. Tangi likae ukuta wa ndani, si ule unaopigwa na upepo wa mlima Loleza. Ziba pande tatu kwa vipande vya lile lile boksi jeupe, funika juu kwa kioo ukiacha upenyo wa hewa, maana joto jingi linapotelea juu ya maji. Kwangu mbinu hizo zilinipa nyuzi mbili hadi tatu zaidi alfajiri. Ila usimletee samaki jiko la mkaa. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa ni hatari kwako kwanza, na pampu ya hewa inavuta hewa ya chumba hicho hicho na kuisukuma majini, moshi na yote. Dawa ya mbu ya kupuliza nayo ni vivyo hivyo: dawa nyingi za namna hiyo ni sumu kali kwa samaki hata zikiwa chembe. Ukilazimika kupuliza, zima pampu, funika tangi kwa taulo lenye maji, fungua madirisha mpaka harufu iishe.

Danio milia

Huyu ndiye mpinzani wa kweli wa plati huku kwetu. Samaki wa sentimita nne, mistari ya buluu na ya fedha kutoka shingoni hadi mkiani, asili yake vijito vya India, Nepal na Bangladesh. Ni yule yule ambaye wanasayansi duniani kote wanamfuga maabara kwa maelfu, kwa sababu mayai yake yanapenyeza mwanga na anakua haraka. Nyuzi 18 kwake si baridi. Hachoki, hatulii, na ukitaka samaki wa kupamba sebule kwa utulivu atakukera.

Kutaga si shida. Shida ni kwamba anataga kama anayemwaga mchele: mayai yanazama, naye anageuka hapo hapo kuyala. Kwa hiyo plati unaweza kumzalisha kwa uvivu, danio lazima umtengenezee mtego. Mimi natumia beseni la plastiki la lita 10. Chini natandaza gololi za watoto, safu mbili. Maji sentimita 15 tu juu yake. Jioni naweka majike wawili wenye matumbo na dume mmoja au wawili wembamba, nafunika kwa wavu. Wanataga mwanga wa kwanza wa asubuhi. Ukiamka saa kumi na mbili ukachungulia utaona dume ameegemea ubavu wa jike, wanatetemeka pamoja kwa sekunde, na kitu kama punje za chumvi kinashuka kati ya gololi. Saa nne natoa wakubwa wote. Siku hiyo moja inaweza kukupa mayai mia na zaidi.

Maabara wanapofuga kwenye nyuzi 28, yai linaanguliwa siku ya pili au ya tatu. Kwangu, kwenye 22, huchukua siku nne hadi tano. Ukiona yai limekuwa jeupe kama maziwa limeshaharibika, livute kwa bomba la sindano lisiambukize ukungu mengine. Kifaranga akitoka ananing'inia ukutani kama uzi wenye macho, bado anakula kiini cha tumboni, usimpe kitu. Anapoanza kuogelea ndipo kazi inapoanza, maana mdomo wake ni mdogo mno kwa chakula cha unga.

Hapo wengi ndipo wanapokwama, na hapo ndipo tofauti ya danio na plati ilipo hasa. Siku tano kabla ya kutagisha, chukua chupa ya maji ya tangi, tumbukiza kipande cha jani la kabichi, iweke dirishani. Maji yatanuka, yatachafuka, halafu yatakuwa na ukungu mweupe unaocheza ukimulika tochi. Ule ukungu ni vijidudu, na ndicho chakula. Vijiko vichache mara tatu kwa siku kwa wiki ya kwanza. Baada ya hapo kiini cha yai la kuchemsha kilichokamuliwa kupitia kitambaa, kiasi cha ncha ya kijiti. Ukizidisha kiini, maji yanavunda usiku mmoja na unaamka na beseni la maiti. Nimeamka nalo.

Kwa hiyo mwanafunzi mwenye subira na anayependa kuona mambo yakitokea, danio. Mtu anayerudi kazini saa mbili usiku, plati.

Wale ninaowapita haraka

Moli anauzwa sana, mweusi ti, anapendeza. Anataka joto na maji magumu yenye chokaa, na anakua mpaka sentimita nane au kumi. Lita 45 zinambana. Mkia-upanga ni mvumilivu wa baridi kiasi lakini anaruka nje na madume wawili hawaelewani.

Beta ni hadithi tamu: dume anapuliza kiota cha povu juu ya maji, anakusanya mayai kwa mdomo, analinda peke yake. Lakini anapumua hewa ya juu ya maji, na vifaranga wake wakianza kuivuta ikiwa baridi ya Uyole, wanakufa. Wakipona, madume wataanza kupigana wakiwa na miezi mitatu hivi na kila mmoja atataka chupa yake. Una chupa ngapi na una nafasi gani dirishani?

Gold fishi nimtaje kwa sababu ndiye wa kwanza kununuliwa na watu wa huku wakisikia anavumilia baridi. Ni kweli anavumilia. Lakini anafika sentimita 20, anachafua maji kuliko hao wengine wote, na kwenye lita 45 hazaliani: anadumaa, kisha anakufa. Samaki wa bwawa yule.

Na wa Ziwa Nyasa je, wako pua na mdomo? Mbuna wale wa miamba ya Matema jike wake anabeba mayai na watoto mdomoni wiki tatu bila kula, na akiwatema wamekuwa wakubwa, hawana shida ya chakula. Kwa uzazi ni rahisi kuliko danio. Kwa ugomvi hapana. Wanataka lita 200, mawe mengi na hita. Kuwavua ziwani kwa biashara kunahitaji leseni, usitume kijana na chandarua. Ukitaka ladha ya maziwa yetu kwenye tangi dogo, mwenye nafasi ni yule mdogo wa Ziwa Tanganyika anayeishi ndani ya magamba ya konokono, sentimita nne tu, familia nzima inakaa kwenye mchanga na magamba kumi. Bado ni hita ya nyuzi 25 na maji ya chokaa. Mimi naweka akiba.

Maji na subira

Maji ya mvua ya bati na ya chemchemi za milimani mara nyingi ni laini. Jaribio la nyumbani: nawa kwa sabuni ya mche, povu likija upesi na kugoma kutoka, maji yako ni laini. Danio hajali. Gapi na plati wanajali, mapezi yao yanachakaa. Chemsha maganda ya mayai, yaponde, yafunge kwenye kipande cha soksi ya nailoni, yaweke karibu na kichujio. Maji ya bomba yaache kwenye ndoo wazi siku nzima au mbili klorini itoke.

Kisha tangi lenyewe liache liwake na kichujio cha sponji kwa wiki nne hadi sita kabla hujaweka samaki, likiwa na chembe kidogo za chakula ndani, ili bakteria wanaogeuza taka za samaki kuwa kitu kisichoua wapate kukaa kwenye sponji. Kwenye baridi wanachelewa zaidi. Hakuna atakayenisikiliza hapa, wote tunanunua samaki siku ile ile ya tangi.

Na fikiria pa kuwapeleka. Plati watatu wa kike na mmoja wa kiume, baada ya miezi michache unahesabu arobaini. Usimwage kwenye mtaro. Gapi wameenea nchi nyingi za joto kwa mtindo huo huo. Uyole baridi itawamaliza, lakini maji ya Tukuyu yanashuka na Kiwira mpaka Ziwa Nyasa, lenye mamia ya aina za samaki wasiopatikana popote pengine. Wagawe.

Mimi nina mteja wa kudumu, binti wa darasa la tano nyumba ya tatu kutoka kwangu. Jumamosi anabisha hodi na ndoo ya rangi iliyooshwa.

"Shikamoo. Nimefuata wale wekundu."

"Marahaba. Wangapi?"

"Wanne. Mama kasema wasizae."

Nimempa madume wanne.